Vipimo 28 vya Kimya

Nimekuwa mwalimu wa fizikia tangu mwaka 2004, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kazi ya mwalimu ni kusema. Ushuhuda huu ni wa namna nilivyoachishwa imani hiyo. Aliyeniachisha hakuwa mkaguzi wa shule wala mwalimu mkuu. Alikuwa mzee jirani yetu hapa Mombasa, aliyemalizia ujana wake melini akiwa afisa wa redio, kazi yake kugonga na kusikiliza msimbo wa Morse. Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua wako wengi waliokaa pale nilipokuwa nimekaa mimi.

Nianze na redio yenyewe. Mimi ni mwanaredio wa ridhaa, yaani nina leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana, si kwa biashara. Alama yangu ya wito huanza na 5Z, kama zilivyo za wenzangu wa Kenya. Za Tanzania huanza na 5H, za Uganda na 5X. Antena yangu ni waya wa mita 20 hivi, upande mmoja umefungwa kwenye paa letu, upande wa pili kwenye mnazi wa jirani. Nguvu za mtambo wangu hazizidi za balbu ya wati 100. Lakini jua likishazama, katika masafa ya megahezi 7, waya ule hunifikisha Muscat, Mumbai na Athens.

Watu huniuliza kwa nini nihangaike na nukta na dashi zama hizi za simu. Ni kweli kwamba hakuna anayetulazimisha. Meli zilimaliza kuhamia mfumo mpya wa satelaiti na mitambo ya kujiendesha mwaka 1999, na mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliachia kila nchi iamue yenyewe kama mwanaredio wa ridhaa atahiniwe Morse au la. Sisi tuliobaki nayo tumebaki kwa mapenzi. Na mapenzi hayo yana sababu: mlio mwembamba wa Morse hupenya ngurumo na mikwaruzo ambamo sauti ya mtu ingezama isisikike.

Basi usiku mmoja nilimpata mwanaredio wa Muscat. Alisikika vizuri, na mimi nikafurahi. Nikamgongea jina langu, mji wangu, hali ya hewa, aina ya mtambo, urefu wa antena, mnazi ulioishika, masika yalivyochelewa. Nikagonga kwa dakika tano nzima bila kupumzika. Nilipomaliza nikampa nafasi. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Nikaandika kwenye daftari langu la kumbukumbu kwamba mawimbi yamekufa, nikazima mtambo nikalala.

Asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa Mzee, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, Mzee. Karibu ndani."

"Marahaba, mwalimu. Jana usiku ulikuwa ukizungumza na nani?"

"Na Muscat, Mzee. Bahati mbaya mawimbi yalikufa."

"Mawimbi hayakufa," akasema, akaikunjua karatasi juu ya meza.

Alikuwa amenisikiliza kutoka kwake, nyumba ya nne kutoka yetu. Karatasi ilikuwa na safu mbili za penseli. Kushoto aliandika niliyoyagonga mimi, neno kwa neno. Kulia aliandika yale aliyoyanasa kutoka Muscat katika mianya ya kugonga kwangu. Safu ya kushoto ilijaa mpaka chini. Ya kulia ilikuwa na mistari minne tu. BK, yaani nipishe nikatize. Tena BK. Tena BK. Halafu QSY na namba 2: tuhame, tupande kilohezi 2. Chini ya hapo palikuwa peupe.

Kumbe kituo kingine kilikuwa kimeanza kurusha juu yetu. Yule bwana wa Muscat hakunisikia tena, akaniomba tusogee pembeni tuendelee. Aliniomba mara nne. Nadhani alisogea akaningoja kule, akachoka, akaondoka.

"Aliondoka dakika ya pili," Mzee akasema. "Dakika tatu zilizobaki ulikuwa ukizungumza na ukuta."

Nilijitetea. Nilimweleza kwamba mtambo wangu nimeutegesha hivyo: ukianza kugonga, masikio yake hufungwa, na hufunguka nusu sekunde baada ya mkono kutulia. Wengi hufanya vivyo hivyo. Kuufanya usikilize katikati ya herufi kunachosha, maana mikwaruzo ya hewani hukuingilia kila unapoinua mkono, na swichi ya ndani hulia tik-tik-tik kama mjusi ukutani.

Mzee hakubishana nami. Alisema tu, "Leta kalamu. Andika PARIS."

Kila anayejifunza Morse analijua neno hilo, kwa kuwa ndilo tunalopimia kasi. Nukta ni kipimo 1 cha muda. Dashi ni vipimo 3. Kati ya alama na alama ndani ya herufi moja kuna kimya cha kipimo 1; kati ya herufi na herufi, vipimo 3; kati ya neno na neno, vipimo 7. Neno PARIS pamoja na kimya kinacholifuata ni vipimo 50 kamili. Ukiweza kuligonga mara 20 kwa dakika, kasi yako ni maneno 20.

"Hayo ya 50 nayajua," nikasema.

"Sasa hesabu mlio peke yake."

Nikahesabu. P ina vipimo 8 vya mlio. A ina 4. R ina 5. I ina 2. S ina 3. Nikajumlisha: 22. Nikarudia kwa sababu sikuamini, nikapata 22 tena.

"Na vilivyobaki?"

"28."

"Ni vya nani hivyo 28?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha mawimbi miaka mingi, na sikuwahi kuwaza kwamba zaidi ya nusu ya neno ninalolirusha ni kimya, na kwamba kimya hicho huenda kina mwenyewe.

"22 ni vyako," Mzee akasema. "28 ni vya mwenzako. Wewe umechukua vyote 50."

Kisha akaenda kwenye mtambo wangu, akavaa miwani, akatafuta kile kitufe cha kuchelewesha masikio, akakizungusha mpaka sifuri. Katika lugha ya kazi yetu, kusikiliza namna hiyo kunaitwa QSK. Ukituma herufi hizo zikifuatwa na alama ya kuuliza, unamwuliza mwenzako: je, unaweza kunisikia kati ya milio yako, na naruhusiwa kukukatiza? Akikujibu QSK bila alama ya kuuliza, amesema ndiyo, karibu.

Ni jambo dogo kulitamka, lakini kitaalamu ni zito. Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, nukta moja hudumu milisekunde 60, na kimya kinachoitenga na alama inayofuata ni milisekunde 60 hizo hizo. Ndani ya mwanya huo mtambo unapaswa kunyamaza, kuikabidhi antena kwa upande wa kupokea, kuyazindua masikio yaliyozibwa na kishindo cha mlio wake wenyewe, kusikiliza, kisha kuirudisha antena kabla mkono haujashuka tena. Mitambo ya zamani ilitumia swichi za kujigonga zilizokuwa zikichakaa. Mingi ya siku hizi hutumia daiodi, zisizo na kitu kinachosogea. Mtambo wangu uliweza kufanya hivyo tangu siku nilipoununua. Nilikuwa nimeuzuia mimi.

Usiku wa kwanza nilivurunda. Niligonga C, katikati yake nikasikia mkwaruzo wa radi ya mbali, mkono ukakwama. Nikaanza upya. Nilizoea kujisikia mimi tu, mlio safi unaofuatana kama shanga kwenye uzi. Sasa kati ya kila shanga na shanga dunia ilikuwa ikichungulia. Umewahi kukaa ndani ya banda la makuti mchana wa jua, ukaona nje vipande vipande kupitia mianya? Mwanzoni huoni kitu cha maana. Ukitulia, macho huviunganisha vile vipande, ukaiona njia, mbuzi, mtu anayepita. Masikio nayo hujifunza hivyo. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa nagonga huku nasikia masafa yote chini ya maneno yangu, yako hai: nani ameingia, nani amefifia, nani anataka kusema.

Nilimwambia Mzee kwamba bado nashtuka. Akaniambia, "Unashtuka kwa sababu hukuzoea kuwa na mtu." Halafu akaniuliza, "Bibi yako alipokuwa akikusimulia hadithi, wewe ulisema nini?"

"Nilisema enhe."

"Na usiposema?"

Nikacheka, maana nilikumbuka. Bibi alikuwa akinyamaza palepale. Hakuendelea na sungura wala fisi mpaka asikie enhe yetu gizani. Alikuwa akitupa neno, anasikiliza, anatupa jingine. Hakuwa ameiona redio ya Morse maisha yake yote, lakini alikuwa na kile nilichokosa mimi mwenye leseni.

Ukutani kwa Mzee kuna saa ya mviringo iliyotoka melini. Juu ya uso wake zimechorwa kabari mbili nyekundu: moja kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, nyingine kuanzia ya 45 hadi ya 48. Rangi imepauka ikawa kama ya matofali. Zama za Morse, meli zote ziliitana katika kilohezi 500, na masafa hayo hayo ndiyo yaliyokuwa ya kuombea msaada. Mshale ulipoingia katika wekundu, kila afisa wa redio aliinua mkono. Dakika 3, mara 2 kila saa, bahari yote ilinyamaza ili mnyonge asikike, yule mwenye betri inayokata roho.

Chini ya saa hiyo Mzee alinisimulia habari za Titanic kwa upande ambao sikuwahi kuutafakari. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Jack Phillips alikuwa kwenye chumba cha redio akituma rundo la salamu za abiria kwenda kituo cha Cape Race, Newfoundland. Meli iliyokuwa karibu, Californian, ilikuwa imesimama kwa kuzingirwa na barafu. Mwanaredio wake, Cyril Evans, akamkatiza Phillips ili amjulishe. Kwa kuwa alikuwa karibu, mlio wake uliingia kwa kishindo masikioni mwa Phillips, ukafunika Cape Race. Phillips akamwambia anyamaze, ana kazi. Evans akanyamaza, akasikiliza kidogo, na yapata saa 5 na dakika 35 usiku akazima mtambo akalala. Dakika 5 baadaye Titanic ikagonga barafu. Watu wapatao 1,500 walikufa, na Phillips ni mmoja wao. Aligonga kuomba msaada karibu mpaka dakika ya mwisho.

"Usimlaumu marehemu," Mzee akaniambia. "Alikuwa kijana mchapakazi. Ndiyo maana nakuhadithia. Wanaokosa kusikia mara nyingi ni wachapakazi."

Neno hilo lilinichoma, lakini lilikuwa bado la redio na la bahari. Lililolileta nyumbani ni daftari.

Jumanne ya wiki ile aliyonisimulia hayo nilifundisha kidato cha 3 vikinzani vilivyounganishwa sambamba. Nilichukua kimoja cha omu 4 na kingine cha omu 12. Moja ya nne jumlisha moja ya kumi na mbili ni theluthi moja. Hapo hubaki kugeuza sehemu, upate omu 3. Sikugeuza. Niliandika ubaoni kwamba jibu ni theluthi moja ya omu, nikapiga mstari chini yake. Halikunishtua, kwa sababu kanuni inasema jibu la sambamba lazima liwe dogo kuliko kikinzani kidogo kabisa, nalo lilikuwa dogo. Nikiwa nimelipa darasa mgongo nikasikia sauti ya binti mmoja anayekaa karibu na dirisha: "Mwalimu..." Nikamjibu bila kugeuka, kama nilivyokuwa nikijibu miaka yote: "Maswali mwishoni."

Mwishoni kengele ililia. Sikuulizwa swali.

Ijumaa usiku nikasahihisha madaftari 46. Yote yalikuwa na theluthi moja. Nilikuwa tayari nimeliona kosa langu katika daftari la pili, na kila lililofuata lilinionyesha uso wangu. Nilipofika kwa yule binti, naye alikuwa amenakili theluthi moja, kwa wino, kwa mwandiko wake mzuri. Pembeni, kwa penseli hafifu iliyofutwa nusu, palikuwa na tarakimu moja na alama ya kuuliza: 3?

Nilikaa na daftari lile kwa muda. Ilikuwa ile karatasi ya Mzee iliyokunjwa mara nne. Safu ya kushoto imejaa, ya kulia ina neno moja dogo. Binti alikuwa amenigongea BK na mimi nilikuwa nimefunga masikio ya mtambo, nikagonga mpaka mwisho, na kama nisingeliona lile 3 ningesema, kama nilivyosema miaka mingi, kwamba darasa hili ni zito, mawimbi yamekufa. "Maswali mwishoni" ndiyo ile nusu sekunde ya kuchelewesha, nimeirefusha ikawa dakika 40.

Jumatatu niliwaomba radhi. Niliandika 3 ubaoni, nikawaambia mwenzao mmoja alikuwa amenisahihisha na mimi sikumpa nafasi. Sikumtaja, alijiinamia akatabasamu. Kisha nikawaeleza habari za PARIS na vipimo 28, tukakubaliana jambo moja: yeyote aliyepotea, au aliyeniona nimepotea mimi, agonge dawati kwa kalamu mara moja. Nukta moja. Nikiisikia nitasimama, hata kama namba iko nusu.

Wiki ya kwanza waligonga kwa mchezo, nikasimama kila mara, mchezo ukaisha wenyewe. Sasa naandika nikiwa nimesimama ubavu, jicho moja kwao. Nikiuliza swali, nangoja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa ya sayansi, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakingoja 3 au zaidi majibu hurefuka na wanafunzi zaidi hujitokeza. Niliposoma hilo nilijua linasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimelipitia kwa mkono wangu. Sekunde 3 mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu. Jamvi la usemi linakuwa tupu na unatamani kulijaza. Usilijaze. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo nimeusikia ukitoka kwa watoto niliowadhania hawana la kusema.

Sitasema kwamba mambo yote yamenyooka. Zipo wiki ambazo silabasi hubaki nyuma, nikalazimika kuifidia. Lakini wasichokielewa nakijua siku ile ile, sikingojei karatasi ya mtihani ije kunisomea. Na nyumbani, miezi kadhaa baadaye, mke wangu aliniambia kitu ambacho sikukitarajia. "Zamani nilikuwa nangoja umalize," alisema, "na ukimaliza, hamu ya kusema imeshanitoka. Siku hizi nikisema neno katikati, unasimama." Alilisema huku akichambua mchele, kama neno la kawaida. Kwangu lilikuwa zito kuliko cheti chochote nilichonacho.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, hasa kama kazi yako ni kusema: mwalimu, mhubiri, mzazi, msimamizi, daktari. Usidhani kusikiliza kunaanza ukishamaliza. Ukishamaliza, mwenzako huenda ameondoka tangu dakika ya pili. Sikiliza ukiwa bado unasema, ndani ya pumzi zako mwenyewe, kati ya neno na neno. Utababaika mwanzoni, kama nilivyobabaika. Endelea tu.

Mzee yupo, ila mkono wake siku hizi unatetemeka na hagongi sana. Usiku hupenda kukaa na redio yake akisikiliza. Juzi nilikuwa naita kwenye megahezi 7, CQ, CQ, nani ananisikia, na kati ya C na Q ikaingia nukta moja. Moja tu, nzito, ya karibu, ya nyumba ya nne kutoka yetu.

Nikainua mkono.